Mbwa tisa ndani ya gari moja

SWALI: Tunahamisha mbwa tisa kutoka makao yaliyofurika kwenda kwa walezi wapya, mwendo wa saa kumi. Safari iliyopita wawili walitapika hadi wakalegea, na mmoja alichomoka tulipopumzika. Je, tuwape dawa ya usingizi?

JIBU: Tafadhali msiwape. Dawa hiyo hushusha shinikizo la damu, mnyama hushindwa kujimudu gari likiyumba, na aliyezidiwa mtadhani amelala tu. Walisheni mara ya mwisho muda wa saa sita kabla ya kuondoka, isipokuwa watoto wa mbwa, ambao sukari yao hushuka upesi. Hao wapeni kidogo kidogo. Maji wapewe kila mnaposimama, kila baada ya saa nne hivi. Kwa anayetapika kila safari, daktari wa mifugo ana dawa ya kichefuchefu isiyolaza.

La kutoroka ndilo linalotutia hofu zaidi. Hatari kubwa iko mlangoni. Kabla ya kugusa kizimba, milango na vioo vyote vya gari viwe vimefungwa, na mshikaji awe ndani. Afungue upenyo wa mkono tu, avalishe kamba, ndipo afungue zaidi. Kamba ziwe mbili: ya kitanzi kinachojikaza shingoni, na nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Mbwa mwoga hurudi kinyumenyume, huinamisha kichwa, masikio hulala, na ule mkanda wa kawaida wa shingo hubaki ukining'inia mkononi mwako. Mwoga kupindukia msimshushe kabisa. Mbadilishieni matandiko humo humo.

Kizimba kimtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikubwa mno humrusha breki zikikanyagwa. Kifungeni kwa mikanda kwenye sakafu ya gari.

SWALI: Mlezi mmoja anamtaka mbwa wake siku ileile atakapochanjwa. Tumkubalie?

JIBU: Hapana. Chanjo huhitaji siku kadhaa kujenga kinga, na parvo, ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa, huweza kujificha hadi siku 14. Mbwa hupanda gari mchangamfu, kisha anaharisha damu kwa mlezi, na wenzake wote wameshaambukizwa. Mtengeni siku hizo 14 kwanza. Vizimba vioshwe kwa sabuni hadi kinyesi kiishe, kwani juu ya uchafu klorini haifanyi kazi. Ndipo mpake dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ikae dakika 10 kabla ya kusuuza.