Haibridi ya zamani ikikuzimikia njiani, kataa kamba na kataa "betri imekufa"

Juzi dada mmoja aliniandikia akiwa amekwama Nguruka na Prius yake ya mwaka 2007, haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota za umeme zinazolishwa na betri kubwa. Pembetatu nyekundu imewaka kwenye dashibodi, gari halina nguvu, na fundi wa pale kijiweni ameshamwambia atafute mamilioni ya betri kubwa. Akaniuliza kama aliuze tu skrepa. Nimeshaongea naye kwa simu, lakini nataka na ninyi wengine mlionunua magari haya msikie. Najua tulivyo. Tulipiga hesabu ya mafuta, tukaona gari la injini ya lita 1.5 linakutoa Tabora hadi Kigoma kwa mafuta ambayo mwenye gari kubwa hafiki nayo Uvinza, tukasema hili ndilo letu.

Yangu ilinizimikia barabara hiyohiyo. Tulikuwa tunarudi Tabora kutoka Kasulu, harusi ya upande wa mume wangu. Mimi ndiye dereva, shemeji kakaa mbele, mama mkwe na watoto nyuma, buti limejaa migebuka mikavu na madumu ya mawese. Tumeshapita Uvinza, jua la Septemba linachoma, mara pembetatu hiyo. Nakanyaga, gari haliendi. Nikalisogeza pembeni, nikawasha taa za hatari, nikamwomba mama mkwe ashuke akae kivulini chini ya miombo. Simu ya kila mtu haina mtandao.

Shemeji hakusubiri hata nifungue boneti. Alisimamisha Fuso lililokuwa linarudi tupu, akapatana bei na dereva bila kuniuliza, utingo akashuka na kamba. "Shemeji, hili gari la umeme si la barabara zetu, tulivute tu hadi Kaliua." Nikasema hapana. Akacheka, akamgeukia dereva wakaendelea kuongea kana kwamba mimi sipo.

Sikuwa nabisha kwa kiburi. Kwenye Prius matairi ya mbele yameungana moja kwa moja na mota za umeme ndani ya giaboksi. Ukilivuta kwa kamba matairi hayo yakiwa chini, mota zinazunguka na kuzalisha umeme, na unaweza kuunguza vitu vya gharama kuliko kilichokuwa kimeharibika mwanzo. Likivutwa, matairi ya mbele yawe yameinuliwa, au gari zima lipakiwe. Na kusukuma ili liwake ni kujichosha bure, kwa sababu gari hili halina stata ya kawaida. Mota yake inayozungusha injini inakula umeme wa betri kubwa, kwa hiyo hakuna cha kulishtua kwa kusukuma.

Nilifungua boneti. Juu pale kuna boksi la rangi ya fedha, hiyo ndiyo inverta, inayochukua umeme wa betri wa volti 201.6 na kuupandisha hadi 500 kwa ajili ya mota. Ina maji yake ya kupoozea na kitanki chake kidogo. Sisemi rejeta ya injini. Hiyo ikiwa ya moto usiiguse kifuniko. Nilifungua kitanki cha inverta, nikamwambia shemeji awashe hadi neno READY litokee, nikainama kuangalia. Maji ya pinki yalikuwa yametulia kabisa. Hayachezi, hayazunguki, naona uso wangu ndani yake. Pampu ikiwa nzima maji hayo yanachezacheza kama mto mdogo. Nikajua pampu imechoka, inverta imepata joto, na gari limejizuia lenyewe lisiungue.

Nikamwambia dereva wa Fuso sitaki kamba, nataka kupakia. Yule mzee ndiye aliyenielewa, Mungu ambariki. Tulisubiri gari lipoe, akarudisha lori lake nyuma hadi kwenye tuta la kifusi pembeni ya barabara, wakaweka mbao, nikaliwasha na kulipandisha mwenyewe taratibu. Matairi yakafungwa, tukaondoka. Shemeji hakusema neno hadi Kaliua. Hadi leo hajasema, ila kwenye vikao vya familia anasimulia jinsi "gari la shemeji lilivyobebwa kama ng'ombe". Inaniuma, siwezi kuficha.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa Tabora kwenyewe. Fundi wa kwanza alizunguka gari, akapiga teke tairi, akamwambia shemeji, siyo mimi mwenye gari: "Betri kubwa imekufa hii." Nikamuuliza kompyuta ya gari imetoa namba gani ya hitilafu. Hakuwa amechomeka kitu chochote. Nikachukua funguo. Kijana mmoja fundi umeme akachomeka mashine yake chini ya usukani, ikatoka P0A93, yaani upoozaji wa inverta haufanyi kazi. Betri ikifika mwisho namba yake ni P0A80, na haikuwepo. Pampu ikaagizwa Dar, ikaja na basi, ikafungwa, maji yakajazwa na hewa ikatolewa. Gari hilo ndilo ninaloendea kazini hadi sasa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, namba kwanza. Kabla hujatoa hata shilingi, iandike namba kwenye karatasi. Kile kimashine cha kusoma namba kinakaa kwenye mkoba, kibebe, kisome mwenyewe. Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na hizi tulizonazo wengi, za kizazi cha pili, zilianza 2003. Si kitu kipya cha kutishiana. Mafundi wanaozijua wapo, na ukimuuliza fundi namba akakasirika, hilo ni jibu tosha.

Hasa ninyi akina mama na akina dada, jifunzeni gari lenu. Wanaume watatu watasimama kwenye boneti yako na kila mmoja atakuwa na uhakika. Wewe unayeliendesha kila siku ndiye unayejua lilianza lini kulia na lilianza wapi kuchoka. Ila nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse, wala usimruhusu mtu azishike kwa sababu tu ana bisibisi. Huo umeme unaua.

Na vumbi letu la kiangazi mlikumbuke. Betri kubwa iko nyuma ya siti ya nyuma, inavuta hewa ya kujipoozea kupitia tundu lenye vijitundu pembeni ya siti hiyo. Watu wanawekea hapo shuka, begi, dumu la asali ya Sikonge. Feni yake ikizibwa na vumbi betri inapata joto, na hapo kweli itakufa. Mwambie fundi aitoe feni aisafishe kila kiangazi kikiisha.

Mwisho kuna betri ndogo ya volti 12, ambayo wengi hawaijui hata ilipo. Iko kwenye buti upande wa kulia. Ikiisha gari linakuwa jiwe, dashibodi haiwaki, na buti lenyewe halifunguki kwa sababu kitasa chake ni cha umeme. Usianze kuvunja. Fungua boneti, tafuta boksi la fyuzi, ndani yake kuna kifuniko chekundu. Pale ndipo pa kushikizia waya chanya wa kubusti, na hasi uishike kwenye chuma tupu. Gari la kawaida dogo linatosha kukupa moto.