Picha Moja kwa Kila Matembezi

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama mzazi anayependa kupiga picha za mandhari anaweza kuendelea na shughuli hiyo anapotoka na familia yenye mtoto mdogo, au ni afadhali aiweke kando mpaka mtoto akue. Jibu langu ni kwamba aendelee, ila akubali kurudi nyumbani na picha moja tu. Nasema moja nikimaanisha moja kwelikweli: mahali pamoja, mwanga mmoja, mpangilio mmoja uliofikiriwa tangu kabla ya kutoka, na baada ya hapo kamera inarudi begini na siku yote iliyobaki inakuwa ya mtoto. Nimefikia uamuzi huu baada ya miaka mitatu ya kutembea na binti yetu, ambaye sasa ana miaka mitatu na nusu, na mwaka wa kwanza kati ya hiyo niliupoteza kwa kujaribu kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Mwaka huo nilitoka kama nilivyozoea kutoka kabla hatujapata mtoto, nikiwa na tripodi, lenzi tatu, vichujio, na nia ya kukaa saa mbili mahali pamoja nikisubiri mawingu yasogee. Binti yetu alichoka baada ya dakika 15, mke wangu akabaki na kazi ya kumbembeleza, nami nikaanza kupiga harakaharaka, picha 100 na zaidi kwa siku moja, nikitumaini kwamba katika wingi huo isingekosekana moja iliyo nzuri. Ilikosekana. Nilipozikagua kwa utulivu niliona kwamba karibu zote zilikuwa na kasoro ileile: mlima ulikuwapo, anga lilikuwapo, lakini hapakuwa na kitu kilichoeleza kwa nini nilisimama pale na si hatua kumi mbele. Hapo nikatambua kwamba mtoto hakuwa ameninyima muda wa kufikiri, kwa maana kufikiri ningeweza kufikiri nyumbani usiku wa kuamkia siku ya safari. Alichoninyima ni muda wa kubahatisha, na huo sikuuhitaji.

Mfano ninaoukumbuka mara kwa mara ni wa Ansel Adams, mpigapicha wa Marekani. Tarehe 1 Novemba 1941 alasiri alikuwa safarini kwa gari pamoja na mwanawe Michael, mtoto wa miaka 8, na rafiki yake Cedric Wright, alipoona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, huku mwanga wa mwisho wa jua ukiiangukia misalaba ya makaburi. Alisimamisha gari, vifaa vikashushwa mbiombio, kipimamwanga hakikuonekana kilipo, naye akakokotoa mfichuo, yaani kiasi cha mwanga wa kuiachia filamu, kwa kutumia kiwango cha mng'ao wa mwezi alichokuwa amekihifadhi kichwani. Akapiga negativu moja, yaani kipande kimoja cha filamu, kwa sekunde 1 kwenye f/32 (namba ya f hupima tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Kabla hajawahi kupiga ya pili iwe akiba, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba. Adams mwenyewe hakuweka kumbukumbu ya tarehe hiyo. Ilikuja kubainishwa na wanaastronomia miaka mingi baadaye kwa kukokotoa mahali ulipokuwa mwezi. Negativu hiyo moja ndiyo iliyozaa mojawapo ya picha za mandhari zinazojulikana zaidi duniani, na mtoto alikuwapo palepale ilipopigwa. Mzazi ambaye hesabu zake ziko tayari kichwani hapungukiwi kitu anapopewa nafasi moja tu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu imehamia nyumbani. Naangalia ramani, naangalia katika programu ya simu jua litatokea upande gani na kwa pembe ipi, kama ni pwani naangalia jedwali la maji kupwa na kujaa, kisha najiuliza swali ambalo zamani sikulijua: mahali hapa pana nini kwa mtoto? Pakiwa na mawe ya kupanga, mchanga wa kuchimba, au kijito chembamba cha kutupia majani, tutakwenda. Pakiwa na mandhari ya ajabu lakini pembeni yake kuna ukingo wa kutisha na hakuna pa kuchezea, mahali hapo panasubiri miaka mingine. Mandhari hayahami, na mara mbili nimeahirisha sehemu nilizozitamani sana bila kujuta.

Kuhusu saa, napendelea asubuhi kuliko jioni, na sababu yangu ya kwanza si mwanga. Mtoto mdogo huamka mapema bila kubembelezwa na huwa amepumzika. Jioni amechoka, na uchovu wake huongezeka kwa kasi ileile ambayo anga linaanza kupendeza. Isitoshe, asubuhi upepo kwa kawaida huwa umetulia, maji hutulia kama kioo, na ukungu huweza kukaa mabondeni kabla jua halijaufukuza. Wanaoishi karibu na ikweta wana bahati ambayo wengi wao hawaihesabu: jua huko hupanda karibu wima, hivyo ule mwanga laini wa dhahabu, ambao hudumu wakati jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi juu ya upeo wa macho, huisha kwa nusu saa au pungufu, na nusu saa ndiyo karibu kiasi chote cha uvumilivu alichonacho mtoto wa miaka mitatu. Wanaoishi mbali na ikweta hupata mwanga huo kwa muda mrefu zaidi, lakini katika majira ya joto huwajia wakati watoto wamelala. Familia hizo ningezishauri zitoke katika majira ya baridi, mradi mtoto amevikwa vya kutosha, kwa kuwa wakati huo jua huchelewa kuchomoza na hukaa chini mchana kutwa. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, jua la adhuhuri katikati ya majira hayo halifiki hata nyuzi 7.

Ikiwa hamkuwahi asubuhi, msiivunje safari. Mawingu mazito yanayowakatisha tamaa wapigapicha wengi ndiyo hali bora kabisa ya kupiga ndani ya msitu au kando ya maporomoko ya maji, kwa sababu tofauti kati ya sehemu zenye mwanga na zenye kivuli hupungua na kamera huweza kuzishika zote. Chukua kichujio cha polaraizi ukizungushe taratibu mpaka mng'aro ulio juu ya majani yaliyolowa uondoke, na rangi ya kijani iliyokuwa imefichika itajitokeza. Kichujio hicho hupunguza mwanga unaoingia kwa kiasi cha stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), jambo la kukumbuka ikiwa unashika kamera kwa mikono.

Vifaa nimevipunguza mpaka vikabaki kamera, lenzi moja pana, kichujio hicho kimoja, na tripodi fupi. Kamera yangu ni ya kihisi kikubwa (kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu), cha milimita 36 kwa 24, na lenzi ni ya milimita 24. Nikiweka f/8 na kufokasi umbali wa mita 2.4 hivi, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho huwa kikali kiasi cha kuridhisha. Hesabu hiyo naifanya mara moja, nazima fokasi ya kujiendesha, na sigusi tena. Ni jambo dogo, lakini limeniokolea dakika ambazo zamani nilizitumia kuinamia kamera wakati mtoto ananivuta suruali. Ikiwa nimembeba mgongoni, tripodi haikunjuliwi kabisa. Mwili uliobeba mtoto huyumba, kwa hiyo ile kanuni ya zamani kwamba mwanga usiingie kwa muda unaozidi sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani sekunde 1/25 hivi kwa lenzi ya milimita 24, naiongeza kasi maradufu na kutumia 1/50 au kasi zaidi, kisha naipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chembechembe katika picha zinavumilika; picha iliyotikisika haitengenezeki.

Mtoto mwenyewe aingie katika picha au asiingie? Katika hili nimebadili mawazo. Zamani niliona kwamba mandhari safi hayapaswi kuwa na mtu, na nilisubiri wapita njia watoweke. Sasa naona kwamba umbo dogo la mtoto lililowekwa mahali panapofaa hulipa bonde ukubwa wake wa kweli, kwa sababu jicho la mtazamaji halina kipimo cha jiwe wala cha mteremko, bali kipimo cha mtu linacho. Namwacha awe mdogo sana katika fremu, ameipa kamera mgongo, nyuma yake pakiwa na kitu kisicho na vurugu kama maji, mchanga au anga, na simwambii asimame. Akiwa anatembea, sekunde 1/250 humtosha, akikimbia, 1/500. Kumwagiza mtoto wa umri huo atulie ni kuwaharibia wote wawili asubuhi yao, na mwili wa mtoto aliyeagizwa huonekana kwenye picha hata kama uso haumo.

Nimejifunza pia kushusha tripodi. Mtoto wa miaka mitatu huwa na kimo cha sentimita 95 hivi, na macho yake yako chini zaidi ya hapo. Nilianza kuiweka kamera katika kimo hicho kwa sababu ya usalama, kwani tripodi fupi iliyotanua miguu haiangushwi kirahisi, lakini nikaona kwamba picha zenyewe zimebadilika: nyasi zilizokuwa zulia la kijani zimekuwa na shina na suke, dimbwi limepata anga lake, na jiwe nililokuwa nikiliruka limekuwa mwanzo wa picha. Binti yangu alikuwa akiniita nitazame vitu hivyo tangu alipoanza kutembea.

Sasa niseme jambo ambalo nataka kila mzazi alichukulie kwa uzito. Anayetazama ndani ya kamera haoni kingine chochote. Siku moja ukingoni mwa ziwa nililifumba jicho moja, nikaweka jingine kwenye kamera kwa muda ambao nina hakika haukuzidi sekunde kumi, na nilipoinua kichwa mtoto alikuwa ameshasogea hatua tatu kuelekea majini. Hakikutokea kitu. Hata hivyo, tangu siku hiyo tuna sharti lisilojadiliwa: penye maji, ukingo wa mwamba au njia ya magari, mmoja wetu anamshika mtoto mkono na huyo hashiki kamera wala simu, na kama mzazi yuko peke yake na mtoto, kamera haitoki begini. Mtoto huweza kuzama katika maji ya sentimita chache, na mara nyingi huzama kimya, bila kelele wala kupiga mikono kama watu wanavyodhani. Mtoto asielekeze kamera kwenye jua pia, hasa ile yenye kitazamio cha kioo, ambayo mtu huchungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa kuwa lenzi hukusanya mwanga huo na kuuingiza moja kwa moja jichoni. Na wenye watoto walio chini ya miezi 6 wakae nao kivulini hata kama mwanga unaitia kamera hamu kiasi gani, kwa sababu ngozi ya umri huo haifai kupigwa na jua moja kwa moja.

Kati yetu wawili tumegawana muda kwa haki. Mimi nina dakika 20 za picha yangu, kisha mke wangu ana 20 zake za kukaa peke yake akafanya atakalo, na kwa kawaida huzitumia kutembea bila kusemeshwa na mtu. Mzazi asiyepiga picha ana haki ya mandhari sawa na anayepiga. Naliandika hili kwa sababu katika mwaka ule wa kwanza sikuliona, na mke wangu alilibeba kwa subira ambayo sikustahili kuitegemea.

Tangu alipofikisha miaka mitatu, binti yetu ana kamera yake, ya zamani, ndogo, yenye kamba ya kuvaa mkononi. Wazo la kumpa mtoto kamera si jipya: kampuni ya Kodak ilipotoa kamera yake ndogo ya Brownie mwaka 1900, iliwalenga watoto hasa, na Adams niliyemtaja alipewa na wazazi wake kamera ya aina hiyo mwaka 1916, akiwa na miaka 14, familia ilipokwenda kutembea Yosemite, bonde la milima huko California. Wetu bado ni mdogo mno kufundishwa chochote, nami simfundishi. Hupiga vidole vyake, viatu vyetu, ardhi, na mara moja moja kitu ambacho sisi wote tulikipita. Sharti pekee ni lile linalonihusu mimi pia: akishaichagua picha yake ya siku, kamera inarudi begini.

Jioni tunakaa pamoja na kuchagua, moja yangu na moja yake, tukazichapisha na kuzibandika ukutani kwa kimo anachofikia mwenyewe. Picha ninazowatumia watu kwa intaneti naziondolea kwanza data ya mahali zilipopigwa, na zile zinazoonyesha uso wake siziweki hadharani. Ukutani sasa kuna jozi 19. Zangu yeye hazitambui kwa majina ya mahali. Moja anaiita ya kijiti, nyingine anaiita ya mama kuteleza, na ile ninayoipenda kuliko zote, yenye ukungu juu ya maji na yeye akiwa nukta nyekundu pembeni, anaiita ya chura, ingawa chura hayumo katika picha. Alikuwa nyuma ya tripodi, na ni yeye peke yake aliyemwona.