Barua ya kukataliwa ina tarehe, isome kwanza

Mwezi huu barua nyingi za wasomaji zimetoka kambi za Kakuma na Dadaab, na Nairobi, kwa wakimbizi wenyewe na kwa wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia. Tunajibu kwa kufuata sheria za Kenya, hasa Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022. Msomaji wa Nyarugusu (Tanzania) au Nakivale (Uganda) asidhani kwamba siku na fomu tunazozitaja hapa ndizo za kwake.

Mimi ni msaidizi wa kisheria Kakuma. Watu huniletea barua za kunyimwa ukimbizi zikiwa zimebaki siku chache tu, na Kiingereza kilichoandikwa humo hawakielewi. Nianzie wapi?

Anza na tarehe mbili: ile iliyo kwenye barua, na siku ambayo mwenyewe aliipokea. Ziandike zote mbili juu ya faili kabla hujamuuliza lolote kuhusu kisa chake. Rufaa kwa Kamati ya Rufaa ina siku 30, na rufaa nyingi nzuri hufia hapo, si kwenye hoja.

Zikibaki siku tatu, usingoje hoja zote zikamilike. Andika ukurasa mmoja: jina, namba ya usajili, tarehe ya uamuzi, kwamba anaupinga, sababu kuu kwa mistari michache, na kwamba maelezo kamili yanafuata. Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa irudi nawe. Bila muhuri huo huna cha kuonyesha siku ukiambiwa rufaa haikufika. Mteja naye apewe nakala, kwa sababu moto na mafuriko havichagui hema.

Ukishapata nafasi ya kupumua, soma sababu za kukataliwa. Huwa za aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Ama hawakumwamini, ama walimwamini lakini wakaona alichokimbia hakimo katika maana ya mkimbizi.

Ikiwa ni hiyo ya pili, tazama wamepima kwa kipimo gani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataka hofu ya kuteswa kwa sababu ya asili, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao sheria ya Kenya imeufuata, ni mpana zaidi: unamlinda pia aliyekimbia uvamizi, au matukio yaliyovuruga vibaya usalama katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Mkulima wa Kivu Kaskazini, Kongo, aliyehama shamba lake kwa sababu ya mapigano, bila mtu yeyote kumtafuta kwa jina, anaingia hapa. Kama barua imepima kwa mkataba wa 1951 peke yake, hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza.

Ikiwa hawakumwamini, kazi ni ndefu. Omba nakala ya maandishi ya mahojiano, umsomee mteja sentensi kwa sentensi kwa lugha anayoiota. Majibu yanapogongana, usimuulize "kwa nini ulidanganya?" Muulize alikuwa akimaanisha nini. Mtu anasema "baba yangu aliuawa" akimaanisha ndugu wa baba yake. Mkalimani anaandika baba mzazi. Kisha kwenye orodha ya familia baba mzazi yuko hai. Mwingine alihesabu miezi kwa mavuno ya maharage, karani akaigeuza kuwa Machi. Tofauti za namna hii huelezwa wazi kwenye rufaa, moja moja, kwa kutaja ukurasa. Ukizinyamazia, Kamati itaziona na kuzisoma vibaya.

Na kuna jambo moja tunaloliomba kwa moyo wote: usimtungie mtu kisa. Kambini wapo madalali wanaouza masimulizi, na maofisa wameshayasikia hayohayo, kwa maneno yaleyale. Anayeumia ni yule mwenye kisa cha kweli aliyekiacha ili avae cha mwenzake. Aliyepitia mateso anaweza kukumbuka rangi ya gari na harufu ya moshi, lakini mpangilio wa siku ukampotea. Hilo linajulikana kitaalamu, na ripoti ya mshauri wa kisaikolojia ikiambatishwa hulieleza vizuri kuliko wewe.

Mwanangu alizaliwa nyumbani hapa Hagadera, Dadaab, sasa ana miaka miwili. Hana cheti cha kuzaliwa. Nimeambiwa nimeshachelewa, na kwamba mtoto wa mkimbizi hapewi.

Mama, aliyekwambia mtoto wa mkimbizi hapewi amekosea. Kila mtoto anayezaliwa Kenya husajiliwa. Cheti hakimpi uraia wa Kenya. Kinathibitisha alizaliwa wapi, lini na kwa nani, na siku mkirudi nyumbani au mkihamia nchi nyingine ndicho kitakachoonyesha kuwa ni wako.

Muda wa kawaida ni miezi 6. Ukipita, usajili bado unawezekana, ila unaitwa wa kuchelewa na unataka ushahidi zaidi. Kusanya kadi ya kliniki au ya chanjo, karatasi yenu ya usajili yenye majina ya familia (ile manifesti), kitambulisho chako, na barua ya kiongozi wa bloku aliyejua mtoto alipozaliwa. Kama mtoto hajaingizwa kwenye manifesti, anza huko.

Faili nyingi za Dadaab hukwama kwenye majina. Mohamed, Mohammed na Muhumed ni watu watatu kwa karani. Pia mwanamke wa Kisomali hachukui jina la mume, lakini karani asiyejua humwandikia hilo, na mama anaonekana kuwa mtu mwingine kwenye kadi ya kliniki. Kabla ya kuondoka dirishani, soma au somewa kila herufi. Kosa la dakika moja pale hugharimu miezi ya kulisahihisha.

Ndugu yangu alitoka Kakuma kuja hospitali Nairobi, kibali chake cha safari cha kutoka kambini kikaisha, polisi wakamkamata Eastleigh. Tufanye nini akishakamatwa?

Jueni kwanza yuko kituo gani na ameandikwa kwa kosa gani. Ombeni namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, ni siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni huenda akalala hadi Jumatatu. Mpelekeeni dawa zake pamoja na karatasi za hospitali.

Pelekeni nakala ya kitambulisho cha mkimbizi au hati ya mwomba hifadhi, kibali kilichoisha, na barua ya daktari yenye tarehe. Karatasi halisi zibaki nyumbani. Piga simu kwa shirika la msaada wa kisheria mapema, kabla ya kesi kusomwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa wasipojiweza.

Hatari kubwa iko kizimbani. Anaulizwa kama alikuwa nchini bila kibali, anajibu "ndiyo, kimeisha", na hilo linaandikwa kuwa amekiri kosa la kuwa Kenya kinyume cha sheria, lililo ndani ya sheria ya uhamiaji. Kibali cha safari kuisha na kuwa nchini bila haki ni mambo mawili tofauti: mkimbizi aliyesajiliwa ana haki ya kuwepo Kenya hata kama yuko mji asiotakiwa kuwa. Aseme kwamba ni mkimbizi, aombe mkalimani (halipii chochote, ni haki ya kifungu cha 50), na aombe wakili kabla ya kujibu shtaka. Wakili anaweza kuiomba mahakama ithibitishe usajili wake kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Ninatoa ushauri nasaha Ifo, Dadaab. Msichana wa miaka 15 akibakwa, wazee hukaa maslaha (kikao cha kimila cha suluhu), familia ikapewa fidia, halafu tunaambiwa yamekwisha. Tufanyeje bila kumharibia usalama wake?

Hospitali ndiyo kwanza, kabla ya polisi na kabla ya wazee. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopungua ni faida. Zinamezwa siku 28. Za kuzuia mimba zinafaa hadi saa 120. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Asioge kwanza ikiwezekana, na nguo zifungwe kwenye karatasi au gazeti. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na ushahidi ukaoza. Kama ameshaoga, aende vilevile. Hospitalini ijazwe fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa), na ya polisi ni P3.

Wewe mshauri, usimtake asimulie tukio zima. Uliza yanayohitajika leo: lilitokea lini, anaumwa wapi, usiku huu atalala wapi, anamwamini nani. Akishasimulia kwako, kwa muuguzi, kwa polisi na kwa wakili, ameumizwa mara nne, na tofauti ndogo za masimulizi hayo zitatumiwa dhidi yake mahakamani. Mkalimani asiwe wa ukoo wa upande wowote, na awe mwanamke kama msichana ataka hivyo.

Kuhusu maslaha, wazee wana kazi yao: wanaweza kuzuia kisasi na kutuliza koo mbili. Lakini ubakaji wa mtoto ni kesi ya dola. Si wazee wala baba mzazi mwenye uwezo wa kuifuta. Uamuzi huo uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Waambieni wazee hivyo kwa heshima, mkutane nao mbali na nyumba ya msichana, na msitaje aliyetoa habari. Mahali salama pa kulala patafutwe kabla ya mkutano huo. Kesi nyingi zimeanguka kwa sababu shahidi alirudishwa kuishi jirani na mshtakiwa.

Kuna mtu anaomba dola 500 aweke jina letu kwenye orodha ya kuhamishiwa Marekani au Kanada. Ana karatasi zenye nembo.

Msimpe hata senti. Usajili, mahojiano, rufaa na kuhamishiwa nchi ya tatu havilipiwi katika hatua yoyote, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haitumi mtu kukusanya pesa. Msimpe pia nakala za vitambulisho wala namba ya usajili, kwa maana hizo huuzwa. Andikeni namba ya simu yake, siku, mahali na maneno aliyosema, mhifadhi ujumbe wake bila kuufuta, kisha mtoe taarifa kwa ofisi ya ulinzi ya UNHCR kambini. Kama mmeshamlipa, semeni hivyo hivyo. Aliyelipa ni aliyetapeliwa, na risiti ya M-Pesa ndiyo ushahidi wenu.