Trekta la zamani na mvua za masika: funika hilo bomba la ekzosi

Wadau wenye matrekta ya zamani, yale ya bomba la moshi kusimama wima juu ya boneti, hii inawahusu. Mi nina Massey Ferguson 135, silinda tatu, linabebaga mchanga na kulima kidogo huku Kigamboni. Masika ya mwaka juzi nililiacha uwanjani kama wiki tatu maana barabara ilikuwa tope tupu, juu ya bomba nikaweka kopo la rangi nikajua nimemaliza. Upepo wa bahari ukalibeba, hata siku sijui.

Kurudi, betri iko poa, napiga starta, kong! Ikagoma. Nikadhani starta ndo mbovu nikawa naikandamiza tu, fundi mmoja mzee hapo jirani akanipigia kelele, we kijana acha, utapinda koni rodi, hicho chuma kinachosukuma pistoni! Kumbe injini ikizimwa karibu kila mara kuna silinda valvu yake ya ekzosi imebaki wazi, maji yanashuka bombani, yanapita manifodi (njia inayotoa moshi kwenye silinda), yanakaa juu ya pistoni. Na maji hayashindiliki kama hewa, sasa pistoni ikipanda yaende wapi?

Tukafungua nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, ili maji yapate pa kutokea, tukazungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele, maji yakaruka mekundu kama chai ya rangi, kutu hiyo. Afu oili kidogo kila silinda, na oili ya chini ya injini tukaikagua, ingekuwa nyeupe kama maziwa ni maji yameingia, ingemwagwa yote. Ringi za pistoni hazikuwa zimeganda, bahati tu bana.

Siku hizi natumia kifuniko cha bawaba, moshi wenyewe unakinyanyua, ukizima kinajifunga. Ulizia Gerezani, kule Kariakoo kwenye spea, ila pima kipenyo cha bomba kwa nje kabla hujatoka nyumbani, mi nilienda kichwakichwa nikarudi na likitu linacheza. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, kinapiga taka-taka-taka, utazoea. Tatizo lake bawaba, inashika masizi na kutu inabaki imeinuka, kwa hiyo bomba likipoa kisukume kwa kidole uone kama kinarudi. Mifuko ya nailoni achana nayo, utasahau uwashe iyeyukie pale juu, harufu mpaka jioni.

Kopo nalo sijatupa. Trekta likilala zaidi ya siku mbili nalivisha juu ya kifuniko, kamba yake naivuta mpaka kwenye usukani, nikipanda lazima inipige usoni ndo nakumbuka kulivua.