Mtoto tuliyemleta kutoka Ethiopia anauliza nani alimzaa

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi na mume wangu tunakaa South C, Nairobi. Mwaka 2017 tulikuwa Addis Ababa kwa kazi ya mume wangu, na mahakama ya huko ikaturuhusu kumwasili binti mwenye umri wa miaka miwili na nusu. Sasa ana miaka tisa, na pasipoti yake ina jina la mume wangu. Faili tulilopewa linasema alizaliwa Jimma, lina jina la baba yake mzazi aliyefariki, na kuhusu mama yake halisemi zaidi ya kwamba hakuweza kumlea. Wiki iliyopita mwenzake wa chuo cha Qur'ani alimwambia, "Wewe si wa kwenu." Aliporudi akaniuliza, "Mama, mimi nilitoka tumboni mwako?" Nikamwambia aende akaoge. Mama mkwe anasema tunyamaze, kwani kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Je, inafaa kumficha? Na tukimwambia, tuseme nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mama mkwe wako amesema kweli juu ya kulea. Mtume (s.a.w.) aliashiria kidole chake cha shahada na cha kati akasema kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa peponi namna hiyo. Hiyo ndiyo daraja mnayoitafuta nyumbani kwenu. Lakini kumficha mtoto asili yake haifai, na Qur'ani imelisema wazi katika Suratul Ahzab, aya ya 5: waiteni kwa baba zao, hilo ndilo la haki zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, na kama hamuwajui baba zao, basi hao ni ndugu zenu katika dini.

Aya hiyo ilimgusa mtu aliyependwa mno na Mtume. Zayd bin Haritha alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika kwa Bi Khadija, naye akampa Mtume. Huko kwao baba yake alikuwa akimlilia kwa mashairi. Alipopata habari zake alikwenda Makka pamoja na nduguye, wamebeba fidia. Mtume hakumficha Zayd chumbani. Alimwita mbele yao akamuuliza kama anawajua. Zayd akajibu: huyu ni baba yangu, na huyu ni ami yangu. Akapewa hiari, naye akachagua kubaki. Baada ya hapo watu wakamwita Zayd bin Muhammad, mpaka aya iliposhuka akarudishiwa jina la Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Tena katika masahaba wote, yeye peke yake ndiye aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani.

Mkewe Zayd alikuwa Ummu Ayman, mwanamke wa Habasha, nchi ya binti yenu. Yeye ndiye aliyemrudisha Mtume Makka akiwa na miaka sita, mama yake Bi Amina alipofia njiani, mahali paitwapo Abwaa. Miaka mingi baadaye Mtume alilizuru kaburi la mama yake, akalia mpaka waliokuwa naye wakalia. Basi mtoto anayemuulizia mama yake hajakosa adabu, na wala hajamkataa aliyemlea.

Nitakueleza jambo linaloniuma mpaka leo. Nimesomesha chuo hapa Nairobi kwa miaka mingi. Kijana mmoja aliyelelewa hivi alipata habari zake siku ya hitima ya baba mlezi wake, ndugu walipokaa kuzungumza mirathi na mmoja akasema, "Huyu hahesabiwi." Alikuwa anawamiminia wageni chai. Alinijia birika likiwa bado mkononi, akaniuliza, "Ustadh, nani mwingine alikuwa anajua?" Hakuniuliza baba yake ni nani. Nami nilikuwa mmoja wa waliojua.

Kwa hiyo mwambieni, nyote wawili, nyumbani, siku isiyo na wageni. Anza na swali lake mwenyewe, umjibu: "Hukutoka tumboni mwangu. Kuna mama aliyekuzaa Jimma. Siku uliponiuliza niliogopa, ndiyo maana nilikwambia ukaoge." Mtajie jina la baba yake. Wahabeshi wengi hawatumii jina la ukoo. Mtoto hubeba jina lake, kisha la baba yake. Kwa hiyo hilo jina lililo kwenye faili ndilo hasa aya inalolitaka. Akiuliza kwa nini mama yake hakumlea, mwambie unachokijua, na usichokijua sema hujui. Usimtungie hadithi nzuri, na usimwambie alitupwa. Wala usiseme "tulikuokoa". Mwenyezi Mungu ametukataza kuharibu sadaka zetu kwa masimbulizi, na mtoto akikumbushwa chakula alicholishwa hujiona mgeni mezani. Huenda akalia, huenda akanyamaza siku tatu, kisha akarudi na swali lile lile. Mjibu tena.

Mpelekeni mtaa wa Eastleigh akawasikie Waoromo, watu wa huko Jimma, wakizungumza, aone kahawa ikikaangwa mbele ya wageni. Huambiwa mkataa kwao ni mtumwa. Huyu kwao hajapajua bado hata apakatae.

Jina la chuoni libadilisheni yeye mwenyewe akiwa ameshaelewa, msimvue ghafla kama nguo. La pasipoti tafuteni njia ya kisheria bila haraka. Januari 2018 bunge la Ethiopia lilipiga marufuku wageni kuasili watoto wa huko, kwa hiyo karatasi zenu ni za zamani na ni za thamani. Toeni nakala mzihifadhi. Kwa mnaotaka kulea mtoto aliye hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inautambua ulezi wetu kwa jina lake, kafala.

Mengine kwa ufupi. Harithi kwa mume wako wala kwako, lakini mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali, na kumpa hiba, yaani zawadi, mkiwa hai. Kwa kuwa alifika amepita miaka miwili, umri wa kunyonya, kunyonyesha hakungemfanya maharimu, yaani ndugu wa karibu asiyeoleka; akibaleghe atajisitiri mbele ya mume wako na wanawe wa kiume kama wapo. Hilo nalo aelezwe mapema, kwa upole, asije akadhani siku hiyo baba amemchukia.

Na huyo mwenzake wa chuoni asichapwe. Mwalimu wake awasimulie watoto wote kisa cha Zayd, kwa jina la baba yake.

Wallahu aalam.