Gari halifiki mlangoni Lamu
Ukiuliza kama gari litakufikisha mlangoni, jibu ni hapana: huwezi kufika nalo hadi kwenye nyumba ya wageni ndani ya Mji wa Kale wa Lamu. Gari liache Mokowe, upande wa bara, uvuke kwa boti. Hata ukija kwa ndege unatua kisiwa cha Manda, na hapo pia ni boti tu. Vichochoro ni vyembamba mno; punda mwenye mzigo akija, inabidi ujibanze ukutani. Nimelala huko mara kadhaa, na mwenyeji wangu alimtuma kijana gatini akanibebea begi hadi chumbani, juu darini. Mpigie mwenyeji wako mapema umwambie saa ya kufika, maana usiku vichochoro vile hufanana vyote.