Fremu Ipangwe Kabla ya Adhana ya Magharibi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Manzese, Dar es Salaam, juu ya daraja la waenda kwa miguu, nikawakuta vijana wanne wanafungua mabegi ya kamera, wapige taa za jiji saa ya buluu, ule muda mfupi baada ya machweo anga likiwa bado buluu. Adhana ya magharibi ilishakwisha. Mmoja anatafuta bamba la tripodi, lile la kushikiza kamera, wa pili anauliza lenzi gani inafaa, wengine wawili wanabishana upande wa kusimama. Walipokubaliana, anga lilikuwa jeusi kama masizi. Niliumia, maana kosa lile nalijua kwa jina. Kwa hiyo wadogo zangu, sikilizeni.

1. Fremu hupangwa jua likiwapo. Fika saa kumi na moja jioni, zunguka mikono mitupu, tafuta pa kusimama, ndipo utoe kamera.

Nilijifunza hili kwa maumivu. Nilipewa kazi ya picha moja ya kalenda: Daraja la Tanzanite likiwa limewaka. Lilikuwa limeanza kutumika mwaka 2022 na kila mtu alilitaka ukutani. Nikasimama upande wa Salenda ya zamani, nikitazama baharini. Ujuzi wangu wote wa saa ya buluu niliutoa kwenye video za Wazungu, na wao husema usiwe na haraka, jua likizama kunywa kwanza chai. Kwao ni kweli. London mwezi Juni, mwanga wa baada ya machweo hukaa zaidi ya dakika 40. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na mwanga ule unakupa dakika 20 na ushee tu. Tena mimi nilikuwa natazama mashariki, upande unaotangulia kuingia giza. Nikanunua kahawa, nikakaa.

Nilipoanza, nikagundua nguzo ya taa ya barabarani imekata daraja katikati. Nikahamisha tripodi. Kisha nikapiga picha ya kuacha shata, mlango wa mwanga wa kamera, wazi sekunde 30, nikasubiri picha itokee, haitoki. Nilikuwa nimeacha kipengele cha kupunguza chengachenga kimewashwa, na kila picha ya sekunde 30 kamera ilichukua sekunde 30 nyingine kuisafisha. Dakika nzima kwa fremu moja! Sikujua nikizime wapi kwenye menyu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilipokiona, anga limekwisha: nyeusi tupu, nyaya zimemezwa, taa zinaelea kama mkufu uliodondoka gizani.

Nikampelekea mteja hivyo hivyo, na hapo ndipo kosa hasa lilipo. Alitazama muda mrefu, akauliza kwa upole, "Kaka, daraja lenyewe liko wapi?" Nilirudisha malipo ya awali. Nilirudi pale jioni tatu mfululizo bila kulipwa na mtu, na ya tatu ndipo nilipoipata picha. Bado ninayo. Kalenda ilitoka na picha ya mwingine.

2. Jua taa zipi ziko wapi. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukiitazama barabara kwa urefu, mistari inayochorwa na taa za magari shata ikiwa wazi, myekundu ya taa za nyuma iko kushoto kwako na myeupe ya taa za mbele kulia. Panga fremu ukilijua hilo. Mistari iingie kwenye kona ya picha ikupeleke mahali: kwenye nguzo, kwenye kona ya barabara, kwenye jengo. Ikitoka ubavuni katikati ya fremu, macho ya mtazamaji yanatoka nayo. Daraja ukilitazama kwa ubavu, magari yanabaki uzi mwembamba tu, hivyo usilazimishe mistari pale; acha maji na taa zifanye kazi.

Sasa foleni. Saa ya buluu ndiyo saa ya foleni, na gari lililosimama halichori mstari, linaacha madoa. Wengi mnapiga Ijumaa jioni halafu mnalaumu lenzi. Nendeni Jumapili. Au piga anga na majengo buluu ikiwapo, usiiguse tripodi kabisa, subiri barabara ifunguke, piga mistari, unganisha nyumbani.

Manzese ninaipenda kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao katikati ya barabara. Basi ni refu kwenda juu, mistari yake inapita juu ya taa za magari madogo, na mwanga wa ndani unaacha utepe mpana katikati ya barabara. Fungua shata kabla basi halijaingia kwenye fremu, funga likishatoka. Ukifunga mapema mstari unakatika hewani, na hakuna namna ya kuurekebisha ukaonekana wa kweli.

3. Daraja la waenda kwa miguu linatikisika. Simama karibu na nguzo, usisimame katikati, na kundi la watu likipita acha lipite. Zima kizuia mtikisiko ukiwa kwenye tripodi. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, faili la RAW lisilobanwa na kamera, rimoti au taima ya sekunde mbili. Fokasi weka kwa mkono kwenye taa ya mbali, kisha usiiguse tena.

4. Ukikuta mlinzi, msalimie kabla hujafungua begi, umweleze unachopiga. Akikataa, ondoka. Na usiende peke yako.

Jumamosi hii nitakuwa Manzese tena, saa kumi na moja kamili. Yule aliyepoteza bamba la tripodi, ninalo la ziada, njoo ulichukue.